Baada ya Kura Kuhesabiwa: Haki ya Jirani Iko Pale Pale



Hapana kitu kinachoupima moyo wa mwanadamu upesi kama khabari asiyoitazamia. Mtu huweza kukaa miaka mingi akijulikana kwa subira na upole wake; kisha ikaja saa moja, redio ikatamka jina moja badala ya jina jingine, na pale pale yakadhihiri yaliyomo kifuani mwake. Sisi wa Unguja tunaijua saa hiyo. Tumekaa nayo katika baraza za Jaws Corner na Malindi, Darajani na Michenzani, mpaka Makunduchi na Nungwi. Vikombe vya kahawa vimepoa mikononi, hapana anayethubutu hata kukohoa, na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi anasoma hesabu. Makala haya hayataki kujua msomaji alimpigia nani kura. Yanataka kumwuliza jambo jingine: asubuhi ya pili yake, alimwamkiaje jirani yake?

Kura 1,565

Tarehe 22 Oktoba 1995 Wazanzibari walipiga kura katika uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964. Kwa siku nne nchi ilikaa roho juu. Ilipofika tarehe 26 ikatangazwa kuwa Dk. Salmin Amour wa CCM amepata kura 165,271, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kura 163,706. Tofauti yao ilikuwa kura 1,565, nao ni watu wanaoweza kuenea katika msikiti mmoja mkubwa wa Ijumaa pamoja na ua wake. Waliotangazwa kuwa wameshindwa hawakusadiki masikio yao. Na walioshinda, walipoutazama uchache wa kura zilizowavusha, nao waliingiwa na khofu. CUF waliyakataa matokeo, wawakilishi wao wakalisusia Baraza, na ufa ule haukutafutiwa dawa mpaka muafaka wa kwanza wa mwaka 1999.

Hayo ndiyo yaliyoingia katika vitabu. Lakini yaliyopita majumbani yalikuwa mazito zaidi. Mtu alilipita duka la jirani yake aliyekuwa akimkopesha mchele, akaenda kununua la mbali, kwa sababu bendera iliyopepea pale haikuwa yake. Ndoa zilitiwa fitina. Wako walioacha kuswali nyuma ya imamu waliyemfuata tangu utoto wao. Na lililo baya kuliko yote, khasa Pemba na katika baadhi ya vijiji vya Unguja, wako waliosusiana maziko: maiti wa Kiislamu analazwa jenezani, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta amekaa ndani, kafunga mlango.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Wazee wetu walikwisha kuyaona hayo katika miaka waliyoiita zama za siasa, tangu uchaguzi wa 1957. Mwezi wa Januari 1961 jimbo zima la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu, na Baraza likagawanyika nusu kwa nusu. Uchaguzi ukarejewa mwezi wa Juni mwaka huo huo, na fujo zilizozuka zikaua watu 68. Na baada ya uchaguzi wa 2000, mwezi wa Januari 2001, watu zaidi ya 30 waliuawa Pemba na Unguja, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Msomaji aliye kijana na azitie hesabu hizi moyoni. Kila mmoja katika waliokufa alikuwa na mama, na kila mama alikuwa na jirani.

Siku ya Bwawani

Kisha ikaja siku ambayo mshangao wake ulikuwa wa namna nyingine. Tarehe 31 Oktoba 2010 watu walipiga kura tena, na wengi walikwisha kujiwekea unga na mafuta ya taa, kwa kuwa desturi iliwafundisha kukhofu. Siku ya pili yake, katika hoteli ya Bwawani, matokeo yakasomwa: Dk. Ali Mohamed Shein kura 179,809. Maalim Seif kura 176,338. Tofauti ilikuwa kura 3,471. Watu walizuia pumzi. Maalim Seif, ambaye chaguzi zilizotangulia alizikataa, akayakubali matokeo na kumpongeza mwenzake mbele ya watu wote, na wawili wale wakapeana mikono.

Usiku ule haukumwagika damu. Waliosherehekea walisherehekea, na waliohuzunika walilala na huzuni yao. Na kulipopambazuka, Darajani palifunguliwa maduka, na waliochagua kushoto na waliochagua kulia wakagombania samaki wale wale.

Kwa nini kura chache za mwaka 1995 zilileta uhasama, na kura chache za mwaka 2010 zikaleta amani? Watu walikuwa ni wale wale. Lililobadilika ni kwamba tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana na kusemezana. Na tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakajibu ndiyo. Katiba ikabadilishwa, hata chama kinachokuja nyuma ya mshindi kikapewa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Basi aliyeshindwa hakutolewa nje ya nyumba. Alibanduliwa kitini tu, akapewa kiti cha pili. Mtu akijua kuwa hatafukuzwa barazani, huweza kuyasikiliza matokeo pasina kushika fimbo.

Mafunzo ya Hudaibiya

Tunao mfano ulio bora kuliko huu. Mwaka wa sita wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alitoka na Masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra, nyoyo zao zikiwa na yakini kuwa wataiona Al-Kaaba. Wakazuiliwa Hudaibiya, ukaandikwa mkataba wa kuwarejesha mwaka ule bila ya kuingia Makka. Hawakutazamia hata kidogo. Sayyidna Umar alisimama akauliza waziwazi kwa nini wakubali unyonge; wala Mtume hakumfukuza kwa kuuliza. Walipoamrishwa kuchinja na kunyoa, hapana aliyeinuka, kwa uzito wa huzuni. Mtume akaingia hemani kwa mkewe, Bibi Ummu Salama, akamweleza. Bibi yule akamshauri atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na Masahaba wote wakainuka wakamfuata.

Hatusemi kuwa matokeo ya uchaguzi ni sawa na mkataba wa Mtume. Ule uliongozwa na wahyi, na haya ni kazi ya mikono ya watu, inayoweza kukosewa na inayoweza kupotolewa. Tunalolitaka hapa ni tabia. Umar alikasirika akauliza, lakini hakumvunja mtu wala hakuikata jamaa. Na neno lililoituliza kambi nzima lilitoka ndani ya nyumba, kwa mwanamke mwenye akili. Enyi mama na dada zetu, siku ile redio inaposema jambo gumu, mume au kijana atakapoingia mlangoni huku anatetemeka kwa hasira, ninyi ndio Ummu Salama wa nyumba hiyo.

Ukimya si Radhi

Haki inatulazimu tuseme na upande wa pili. Mwaka 2015 watu walipiga kura tarehe 25 Oktoba. Tarehe 28, kabla ya hesabu kutimia, mwenyekiti wa Tume akatangaza kuwa uchaguzi wa Zanzibar umefutwa wote. Ukarejewa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakaususia, na Dk. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Mji Mkongwe ulinyamaza siku zile, na wako waliodhani kuwa ukimya ule ni radhi. Sivyo. Mwenye uchungu aliyenyamaza huenda anaogopa, na huenda anamshitakia Mola wake. Na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Kura ni amana, na anayeihesabu ameshika amana ya watu. Ataulizwa juu ya moja kama atakavyoulizwa juu ya elfu. Kwa hiyo anayewahubiria wananchi subira, naye na awahubirie wenye mamlaka uadilifu, kwani subira bila ya uadilifu ni mzigo uliobebeshwa mtu mmoja peke yake.

Ama sisi wa majumbani, yatutosha kushika mambo manne. La kwanza, tusiipokee khabari wala kuipeleka mbele kwa simu mpaka tuihakikishe, kama tulivyofundishwa katika Sura ya Al-Hujurat. La pili, tuzichunge ndimi zetu mbele ya watoto. Mtoto aliyefunzwa kumtukana jirani kwa ajili ya chama atamtukana na mzee wake kwa ajili ya jingine. La tatu, mwenye malalamiko na ayadai kwa njia za haki, bila ya kuinua mkono juu ya mtu, na asiyekuwa na malalamiko asimcheke. La nne, salamu isikatwe: Mtume (S.A.W.) ametukataza kumhama ndugu Muislamu kwa zaidi ya siku tatu, na kulisindikiza jeneza ameliweka katika haki za Muislamu juu ya mwenzake. Hapana mahali alipotutaka tuulize kwanza kadi ya maiti.

Uchaguzi wa Oktoba 2020 nao ulikuwa na machungu yake, na watu waliuawa. Hata hivyo mwezi wa Disemba Maalim Seif, aliyekuwa sasa wa ACT-Wazalendo, aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza chini ya Dk. Hussein Ali Mwinyi. Hakudumu. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Waliomfuata walimlilia, na miongoni mwa waliomwombea rehema walikuwako wengi waliopambana naye kwa miaka mingi. Jeneza lilifanya kwa siku moja kazi iliyozishinda chaguzi nyingi. Basi tusingoje jeneza. Kura huhesabiwa kila miaka mitano, na jirani huhesabiwa kila siku.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu, awape uadilifu wanaotuongoza, na atujaalie tuishi kwa kusalimiana na tufe kwa kuzikana. Amin.