Siku Ndefu, Mwaka Mfupi

Mtu aliyevuka makamo, akikaa barazani na watu wa hirimu yake, aghalabu hulalamika kwamba miaka imeshika mbio: Ramadhani hata haijasahaulika, na tayari watu wanahesabu siku za Shaabani, mjukuu aliyekuwa akitambaa juzi, leo yumo chuoni anasoma juzuu. Lakini mtu huyo huyo, akiulizwa habari za mchana wake, atajibu kuwa baina ya adhuhuri na alasiri pana masafa yasiyokwisha. Kauli hizi mbili huonekana kukanushana, na wapo wanaomdhania mzee kuwa amechanganyikiwa, ilhali zote mbili ni sahihi, maana akili ya mwanadamu hupima wakati unaopita kwa mizani moja, na wakati uliokwisha kupita kwa mizani nyingine.

Mwanafalsafa wa Kifaransa, Paul Janet, alipolijadili jambo hili mwaka 1877, alilifanya la hesabu. Kwa mtoto wa miaka 10, alisema, mwaka mmoja ni fungu la kumi la umri wake wote. Kwa mtu wa miaka 50 ni fungu la hamsini tu. Basi si ajabu huyu wa pili akiuona mfupi. Hoja hii ni nyepesi kushikika, na hata leo hutajwa kana kwamba imekata shauri, lakini William James wa Marekani, katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya nafsi kilichotoka mwaka 1890, aliitia kasoro moja ambayo mimi sioni jawabu lake: inaeleza sura ya jambo, na sababu yake haiitaji. Tena, lau kila muda ungalifupika kwa kadiri ya umri, saa na siku nazo zingalifupika vivyo hivyo, na mzee asingalichoka kuingoja alasiri.

James mwenyewe aliitafuta sababu katika kumbukumbu. Ujanani kila jambo ni geni, na kila geni huacha alama yake: funga ya kwanza, ujira wa kwanza, safari ya kwanza ya baharini, nikahi, mtoto wa kwanza. Utu uzima ukija, mambo huzoeleka, siku hufanana na siku, na zinazofanana huyeyuka pamoja hata miaka kumi ya kazi moja katika afisi moja ikabaki kama mwezi. Utafiti uliokuja baadaye umempa nguvu, kwani wazee wakiombwa wasimulie maisha yao, hurejea kwa wingi katika mambo yaliyowapata baina ya miaka 10 na 30 hivi, na ya katikati huyapita mbiombio. Mchana mtupu, basi, ni mrefu kwa anayeupitisha, kwa kuwa hana cha kumshughulisha ila mchana wenyewe. Ukishapita hauachi kitu cha kukumbukwa, na miaka iliyojengwa kwa michana ya namna hiyo huonekana kuwa haikuwapo.

Mwili nao una saa yake. Mtaalamu Hudson Hoagland, katika miaka ya 1930, alimtazama mkewe aliyeshikwa na homa, akaona kwamba kila joto lilipozidi ndivyo alivyozihesabu sekunde 60 kwa haraka zaidi. Lakini saa hiyo hupima muda mfupi, na habari ya miongo haituambii. Wala tusilikuze jambo kupita haki yake: mwaka 2005 watafiti Marc Wittmann na Sandra Lehnhoff walitangaza majibu ya watu wapatao 500, wenye umri wa miaka 14 hadi 94, walioulizwa wanavyoiona kasi ya wakati, na ilidhihirika kwamba kuhusu juma au mwezi uliopita wakubwa na wadogo hawakuachana sana, tofauti ilionekana walipoulizwa miaka 10 iliyopita, nayo haikuwa kubwa.

Umri, hata hivyo, si wa mtu peke yake: jamii nayo huuhesabu kwa namna zake. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo aliyetimiza miaka 66 kwa kalenda ya afisi ametimiza 68 kwa kalenda ya msikiti. Wahenga wa mwambao hawakujali sana tarakimu. Walitaja mwaka wa njaa, mwaka wa vita, au ile tufani ya 1872 iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja, na kila jirani akajua nani mkubwa wa nani. Tangu Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa waliofikisha miaka 70, tarakimu imekuwa na thamani ambayo zamani ilikuwa ya shikamoo. Na mchana wa mzee hugawiwa mafungu na wenziwe: adhana, kahawa ya barazani, wajukuu warudipo skuli. Aliyehamishiwa ghorofani mjini, ambako majirani hawajuani, amepewa mchana usiogawanyika.

Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote, nalo ni wakati uliobakia. Watu waliulizwa wangependa kukaa nusu saa na nani: jamaa wa karibu, mwandishi wa kitabu walichokisoma, au mtu waliyefahamiana naye karibuni. Wazee walimchagua jamaa, vijana hawakuwa na upendeleo huo. Mtu angeweza kusema ni uchovu wa uzee, au woga wa mambo mageni, lakini vijana walioambiwa wajidhanie kuwa wanakaribia kuhamia mbali peke yao, nao walimchagua jamaa. Na wazee walipoambiwa wajidhanie kuwa matabibu wamevumbua dawa ya kuwaongezea miaka 20 ya uzima, upendeleo huo uliwatoka, wakachagua kama vijana.