Rimoti Moja kwa Nyumba Nzima

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Mbeya mwaka 2013, nyumba nyingi za wafanyakazi, huko na Iringa pia, zina runinga na king'amuzi, na kila kimoja kina rimoti yake. Ikiharibika moja, mtu huenda Mwanjelwa kununua rimoti ya vyombo vyote. Akifika nyumbani, haisikilizani na king'amuzi. Jasho lake limepotea bure.

Sisi twasema kosa ni kununua pasipo kuuliza. Rimoti hizi ni za namna mbili. Ya kwanza huja na orodha ya nambari. Kama king'amuzi chako hakimo, haikufai kitu. Ya pili hujifunza: waielekeza kwenye rimoti ya zamani, wabonyeza, nayo huiga ule mwanga usioonekana kwa macho. Basi tusingoje ile ya zamani ife, maiti hafundishi.

Yatupasa twende dukani na king'amuzi chenyewe na rimoti yake, tuijaribu mpya mbele ya muuzaji, kisha tutoe betri na kuzirudisha, maana nyingine husahau yote. Fedha ya mfanyakazi isilipie maneno matupu.