Pumzi: Filamu ya maji inayowahusu wakazi wa Machakos

UKIMUULIZA mpenzi wa sinema mjini Machakos akutajie filamu za bunilizi ya kisayansi anazozipenda, yamkini atataja The Terminator ya mwaka wa 1984, Jurassic Park ya 1993, The Matrix ya 1999 au Avatar ya 2009. Ni majina yale yale yanayotajwa Mombasa, Dar es Salaam na hata London.

Si wengi watakaoitaja Pumzi, ilhali hiyo ni kazi ya Mkenya, na inahusu jambo ambalo Wakamba wamelijua kwa vizazi: uhaba wa maji.

Bunilizi ya kisayansi ni hadithi inayochukua jambo moja ambalo huenda likawezekana siku moja, kisha ikauliza binadamu wataishi vipi likitimia. Mashine zikianza kufikiri itakuwaje? Na maji yakiisha je?

Nchini Kenya, wananchi wengi wa kawaida walizijua filamu za kigeni kupitia vibanda vya video wala si majumba makubwa ya sinema. Wasimulizi kama DJ Afro walijizolea umaarufu kwa kuzieleza filamu hizo kwa Kiswahili cha mitaani, sauti zao zikifunika za waigizaji. Tanzania nayo ilikuwa na Lufufu.

Msimulizi hana haja ya kufafanua mitambo. Humweleza mtazamaji steringi ni nani, adui ni nani, na ugomvi wao umetokana na nini. Ukiiondolea Avatar rangi na madoido yake, kinachobaki ni wageni wanaotaka kuwafukuza wenyeji ili wachimbe madini. Hadithi hiyo haihitaji mkalimani Afrika Mashariki.

Pumzi, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, ilitengenezwa mwaka wa 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2010, majuma machache tu baada ya Avatar kutoka. Ina urefu wa takriban dakika 20 na ilipigwa Afrika Kusini.

Imewekwa miaka 35 baada ya Vita Vikuu vya Tatu, vilivyopiganiwa maji. Walionusurika Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Umeme wao hutokana na nguvu za miili yao wanapofanya mazoezi kwenye mashine, na maji ya kunywa husafishwa kutoka kwa jasho na mkojo. Hata ndoto huzimwa kwa vidonge.

Asha, mhifadhi wa makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu kutoka kwa mtu asiyemjua. Anapanda mbegu na inachipuka. Wakuu wanamkataza kutoka nje, naye anatoroka. Jangwani anaupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho, anakamua jasho lake juu yake, kisha anaukinga jua kwa mwili wake.

Mbegu hiyo imehifadhiwa kwa jina la Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama. Mkamba ataling'amua mara moja, kwani kwao ni mwaitu.

Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa zao majina. Ile ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa nikiwa nazo: watu walikuwa na fedha mkononi lakini chakula hakikuwepo cha kununua. Kwa mtu aliyesimuliwa hayo na wazazi wake, jamii inayopimiana maji kwa matone haiko mbali sana.

Tena, Machakos ina ufundi ambao mtunzi yeyote angeutamani, nao ni mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukinga mto wa msimu, mafuriko huuleta mchanga ukarundikana nyuma yake, na maji hujificha katikati ya chembe, mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi. Mvua ikishapita, wenyeji huchimba mtoni penye sura ya ukavu na kuteka.

Mbona basi Pumzi haijulikani sana? Sababu moja ni urefu wake. Kibandani mteja hulipia filamu ndefu, au hata mbili mfululizo. Dakika 20 ataziona kama kionjo. Ya pili ni njia iliyopitia: filamu fupi za namna hii huzunguka kwenye matamasha na vituo vya utamaduni. Wako pia watakaonung'unika kwamba steringi hafai kufa, lakini watazamaji hao hao waliipenda Terminator 2 ya 1991, ambamo shujaa anakubali kuteremshwa kwenye chuma kilichoyeyuka.

Maneno ndani ya Pumzi ni machache mno, jambo linaloiachia sauti ya msimulizi nafasi ya kutosha. Kazi iliyosalia ni ya wenye vibanda, waitangulize kabla ya filamu ndefu ya Jumapili.