Protini Inapoachana: Ugonjwa wa Amiloidi Huanzia Kwenye Mwendo

Katika damu ya kila binadamu huelea protini iitwayo transthairetini. Kazi yake ni uchukuzi: hubeba homoni ya tezi dundumio iliyo shingoni na, ikishirikiana na protini nyingine, hubeba vitamini A itokayo kwenye ini. Imeundwa kwa vipande vinne vinavyofanana, kila kimoja mnyororo wa asidi amino 127, navyo vimeshikana kama watu wanne waliobeba machela. Vitabu vya shule huichora protini kama kitu kilichotulia, ufunguo unaosubiri kufuli yake. Mchoro huo umefundisha vizazi vingi, lakini umeficha jambo ambalo mgonjwa analilipa kwa afya yake. Protini haitulii. Inatikisika, inajinyoosha na kujikunja, na mara mojamoja vile vipande vinne huachana. Hoja yangu ni kwamba ugonjwa wa amiloidi utokanao na protini hii huanzia hapo kwenye kuachana, miaka mingi kabla ya mabaki yake kuonekana kwa macho ya daktari, na kwamba dawa zilizofaulu vizuri zaidi ni zile zilizoanzia hapo hapo.

Jina lenyewe la amiloidi lilizaliwa kwa kosa. Mwaka 1854 Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani, alitia iodini kwenye tishu zilizougua, akaona rangi ikibadilika kama inavyobadilika kwenye wanga, akakiita kitu kile amiloidi, yaani kinachofanana na wanga. Miaka mitano baadaye Friedreich na Kekulé walionyesha kuwa ni protini, lakini jina lilikwisha kushika. Rangi inayotumika hadi leo kuutambua ugonjwa huu nayo ina historia inayotugusa. Huitwa Nyekundu ya Kongo, na ilipewa jina hilo sokoni Ujerumani mwaka 1885, siku ambazo Mkutano wa Berlin ulikuwa umelifanya neno Kongo kuwa gumzo la Ulaya nzima. Hakuna chochote cha Kongo ndani yake. Bara linagawanywa mezani, na jina la mto wake linabandikwa kwenye chupa ya rangi ya vitambaa. Kipande chembamba cha tishu kikitiwa rangi hiyo na kutazamwa kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa utikisike upande mmoja tu, wekundu hugeuka kijani cha tufaha bichi. Kijani hicho hutokana na mpangilio: nyuzi za amiloidi zimelala protini juu ya protini, kwa ulinganifu wa ukili uliosukwa na mkono uliozoea. Mwili huziondoa kwa shida sana. Zikijaa katikati ya misuli ya moyo, moyo hukakamaa. Unaweza kuendelea kusukuma damu kwa muda mrefu, lakini unashindwa kulegea ili uipokee.

Sura ya ugonjwa huu ilianza kueleweka huko Porto, Ureno. Mwaka 1939 daktari Corino de Andrade alimpokea mwanamke wa miaka 37 mwenye ganzi miguuni, na akagundua kwamba wavuvi wa Póvoa de Varzim walikuwa wakiyajua maradhi hayo tangu zamani na kuyaita ugonjwa wa vijiguu. Mguu ulipoteza kwanza hisia ya moto na baridi, kisha ganzi ikapanda, tumbo likavurugika, mtu akakonda hadi kufa. Andrade alichapisha uchunguzi wake mwaka 1952. Baadaye ilibainika kwamba wagonjwa hao walirithi badiliko moja tu: katika nafasi ya 30 ya ule mnyororo, valini imeondoka na methionini imekaa. Ushanga mmoja kati ya 127. La kushangaza ni kwamba wanasayansi walipopiga picha za protini hiyo kwa eksirei na kuilinganisha na ya mtu mzima wa afya, maumbo yalikaribia kuwa sawa kabisa. Kama umbo ndilo lingekuwa chanzo, picha zile zingetwambia kitu.

Jibu lilitoka ndani ya familia hizo hizo za Ureno. Wapo waliorithi badiliko la nafasi ya 30 kwa mzazi mmoja lakini hawakuugua, au waliugua kidogo tu, na walipochunguzwa ikaonekana wamerithi kwa mzazi wa pili badiliko lingine katika nafasi ya 119. Jeffery Kelly na wenzake katika taasisi ya Scripps, California, walipima kinachotokea vipande vya aina hizo mbili vinapokaa katika protini moja. Badiliko la 30 hulegeza. Badiliko la 119 hubana, kiasi kwamba vile vipande vinne huchukua muda mrefu mno kuachana. Na kuachana ndiko kunakoamua kasi ya yote yanayofuata, kwa sababu kipande kilichobaki peke yake hupoteza mkunjo wake, hukutana na vingine vilivyopotea kama chenyewe, na ususi wa nyuzi huanza. Hilo ni jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulipanga kwa wanadamu. Maumbile yenyewe yalilifanya, na matokeo yake yakasomeka katika umri wa kuishi wa watu.

Dawa iitwayo tafamidisi imeiga kazi ya badiliko la 119. Transthairetini ina vitundu viwili vya kubebea homoni ya dundumio, na karibu muda wote viko vitupu. Tafamidisi huingia humo na kukaa kama kigingi cha fundi seremala kwenye ungio, vipande vikabaki vimeshikana. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 441 wenye amiloidi ya moyo walifuatiliwa kwa miezi 30. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa asilimia 42.9, waliopewa tafamidisi walikufa asilimia 29.5. Tofauti ya vifo haikuonekana mapema. Ilianza kujitokeza baada ya takriban mwaka mmoja na nusu, na ndivyo inavyopaswa kuwa kama dawa inazuia nyuzi mpya bila kuzing'oa zile za zamani.

Msomaji makini atasema kwamba ushahidi si safi kiasi hicho, na ana haki. Jaribio la awali la dawa hiyo kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu halikufikia vigezo vyake vikuu kwa hesabu ya wagonjwa wote, kwa sehemu kwa sababu wengi walijitoa kwenda kupandikizwa ini, na ingawa Ulaya iliiidhinisha mwaka 2011, Marekani iliikataa kwa matumizi hayo mwaka uliofuata. Wapo pia wanaounyoshea kidole ugonjwa wa Alzheimer, ambako dawa nyingi za kusafisha amiloidi ya ubongo zilishindwa, na lekanemabu, iliyofaulu kiasi, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 tu katika miezi 18. Huenda basi amiloidi ni moshi, na moto uko kwingine? Kwa Alzheimer swali hilo bado ni halali. Lakini dawa nyingi kati ya hizo zilikwenda kuokota nyuzi zilizokwisha kusukwa, ndani ya ubongo uliokwisha kuumia. Kwa transthairetini tunao ushahidi wa njia ya pili isiyofanana kabisa na tafamidisi, na imefika mahali pale pale.

Njia hiyo ya pili ni nanotiba, yaani tiba inayobebwa na chembe ndogo mno. Transthairetini ya damuni karibu yote hutengenezwa na ini, ndiyo maana tangu mwaka 1990, ilipofanyika mara ya kwanza Sweden, wagonjwa walipandikizwa maini. Patisirani, iliyoidhinishwa mwaka 2018, hufanya kazi hiyo bila kisu. Ni kipande kifupi cha RNA kinachouharibu ujumbe wa jeni kabla seli haijautumia kutengeneza protini. Tatizo la RNA ni udhaifu wake: ukiidunga tupu kwenye damu, vimeng'enya huimaliza kabla haijafika popote. Kwa hiyo hufungwa ndani ya chembe ya mafuta iliyo ndogo kuliko mikroni moja kwa mara kumi au zaidi. Zikiwa damuni, chembe hizo huvikwa protini ya mwili iitwayo apolipoprotini E, na seli za ini, ambazo zina vipokezi vya kuinasa protini hiyo, huzimeza zikidhani ni mafuta ya kawaida. Katika jaribio la wagonjwa 225, transthairetini ilishuka kwa takriban asilimia 80, na baada ya miezi 18 mishipa ya fahamu ya waliotibiwa ilikuwa, kwa wastani, imepata nafuu kidogo huku ya wasiotibiwa ikizidi kuharibika. Dawa moja hubana protini, nyingine huipunguza, na zote mbili hupunguza ususi. Ni vigumu kuendelea kuiita moshi. Hasara zipo: wagonjwa hawa hupewa vitamini A ya nyongeza, kwa kuwa mbebaji wake amepungua.

Nisiitukuze nanotiba kupita kiasi. Mrithi wa patisirani, vutrisirani, ameiacha chembe ya mafuta. RNA yake imeunganishwa na sukari maalumu ambayo ini huitambua, na sindano huchomwa chini ya ngozi kila baada ya miezi mitatu badala ya dripu ya kila wiki tatu. Teknolojia ya chembe za mafuta haikupotea bure, kwani ndugu zake ndizo zilizobeba chanjo za Korona za Pfizer na Moderna hadi kwenye mikono ya watu wa Dar es Salaam na Nairobi. Lakini funzo la kisayansi lilidumu kuliko chombo kilicholibeba.

Pingamizi lililo zito zaidi kwa msomaji wa Afrika ni kwamba haya ni maradhi adimu ya Wareno na matajiri. Hapa takwimu zinakataa. Badiliko jingine la protini hii, la nafasi ya 122, linabebwa na asilimia 3 hadi 4 ya Wamarekani weusi, na asili yake ni Afrika Magharibi. Linaharakisha kuachana kwa vipande, nalo hushambulia moyo, kwa kawaida baada ya miaka 60. Si kila anayelibeba huugua. Ila mzee anayevimba miguu na kuishiwa pumzi, mwenye ukuta mnene wa moyo, huandikiwa upesi kwamba ni shinikizo la damu, kwa kuwa shinikizo ndilo chanzo kikuu cha moyo kushindwa kufanya kazi katika bara letu. Kwa wengi ni kweli. Kwa baadhi si kweli, na dawa za presha hazizuii protini kuachana.

Bei ni ukatili. Tafamidisi ilipoingia soko la Marekani kwa ajili ya moyo mwaka 2019 iliuzwa kwa takriban dola 225,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, na hakuna hoja ya gharama za utafiti inayoweza kunifanya niione bei hiyo kuwa ya haki. Hata hivyo kuna diflunisali, dawa ya zamani ya maumivu ya viungo, isiyo na hataza, inayoingia katika vitundu vile vile. Katika jaribio la wagonjwa 130 lililochapishwa mwaka 2013, ilipunguza kasi ya kuharibika kwa mishipa ya fahamu kwa miaka miwili. Inaweza kuumiza figo na tumbo, na kwa moyo uliochoka lazima itumiwe kwa uangalifu mkubwa. Lakini inathibitisha kwamba wazo hili halimilikiwi na kampuni moja.

Kinachokosekana ni muda, kwa sababu dawa hizi zote huzuia zaidi kuliko zinavyorudisha, na ugonjwa hugundulika ukiwa umekomaa. Nyuzi huanza kujikusanya mapema mahali pasipotiliwa shaka: kwenye kifundo cha mkono, zikibana mshipa wa fahamu hadi vidole vinakufa ganzi usiku. Wapasuaji hufungua mahali hapo kila siku, hukata utando unaobana, na vipande vilivyotolewa mara nyingi hutupwa. Huko Cleveland, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachunguza wagonjwa 98 waliopasuliwa hivyo, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia miaka 60. Vipande vyao vilitiwa Nyekundu ya Kongo. Kumi vilikuwa na amiloidi, na wawili kati ya wenye vipande hivyo kumi walikutwa moyo umekwisha kuguswa. Kwa wanane waliobaki, moyo ulikuwa haujakutwa umeguswa.