Ndege Imepotea: Kosa Liko Wapi?

Wengi wenu mmetuuliza swali moja juu ya mchezo wa kurusha ndege kwa ordinatere: «Tunaondoka Bangoka kwenda Goma, tunawasha piloti otomatike, kumbe ndege inakwenda porini. Mashini imeharibika?» Tunajibu: mara nyingi mashini haina kosa. Ndege imetii tu.

Tuone kwanza hasara yake. Kutoka Bangoka mpaka Goma, kwa mstari ulionyoka, ni kama kilometa 500. Ukikosa digrii 1 tu, utafika kilometa 9 hivi pembeni. Ukikosa digrii 2 upande wa kushoto, ni kilometa 17, na huko ndiko unakosimama mlima Nyiragongo, wenye mita karibu 3.470. Ndani ya mawingu, digrii 2 si kitu kidogo.

Jambo la kwanza: dira ni mbili. Ile ya sumaku, tunayoita busola, inatafuta kaskazini yenyewe, lakini inayumba. Ndege ikigeuka au ikibadilisha mwendo, inadanganya. Basi isome tu wakati ndege imenyoka na mwendo umetulia. Ya pili inatumia jiroskopu, ni kusema gurudumu linalozunguka mbio. Hii haiyumbi, lakini haijui kaskazini ni wapi. Inashika pale ulipoiweka, kisha inateleza polepole.

Inateleza kwa sababu gani? Kwa msuguano wa vyuma vyake, na kwa kuzunguka kwa dunia. Kwenye ncha za dunia, kuzunguka huko kunaleta kosa la digrii 15 kwa saa. Kwetu Kisangani, karibu na ikweta, halifiki hata nusu digrii. Kwa hiyo hapa tusisingizie dunia, ni msuguano. Kila dakika 15 usome busola, kisha uweke dira ya jiroskopu sawasawa nayo. Katika Microsoft Flight Simulator X, herufi D inafanya kazi hiyo.

Kabla ya kuruka, simama katikati ya kiwanja na kupima. Kiwanja cha Bangoka kiko na namba 13 na 31, maana yake karibu digrii 130 na 310. Dira ikionyesha 90 wakati umesimama kwenye 13, hapana kuondoka. Rekebisha kwanza.

Jambo la pili: piloti otomatike hana macho. Anafuata alama uliyoiweka juu ya dira. Tarehe 3 Septemba 1989, ndege ya Varig iliondoka Marabá kwenda Belém, katika Brazil. Karatasi ya safari iliandikwa 0270, maana yake digrii 27 na sifuri ya desimali. Rubani akaweka 270. Ndege ikaelekea magharibi badala ya kaskazini, mafuta yakaisha, ikaanguka usiku katika msitu mkubwa kama huu wetu. Watu zaidi ya kumi walikufa. Vyombo vilifanya kama vilivyoambiwa.

Jambo la tatu: kushika mwelekeo si kufuata njia. Tukamate mfano wa mtumbwi unaotoka Lubunga kwenda mjini. Ukielekeza pua yake sawasawa na soko la ng'ambo, maji yatakupeleka chini, utafika pengine kabisa. Mpiga kasia anayejua kazi anaelekeza pua upande wa juu ya mto. Upepo unafanya ndege hivyohivyo. Kifungo cha HDG kinashika pua tu. Kifungo cha NAV kinafuata mstari na kupigana na upepo, lakini uangalie mstari huo unatoka kwa GPS au kwa redio ya chini.

Kosa hilo lilileta msiba mkubwa. Ndege ya Korea namba 007 iliondoka Anchorage kwenda Seoul, piloti otomatike akiwa ameshika mwelekeo wa dira bila kufuata njia iliyowekwa katika vyombo. Ikapotea mamia ya kilometa. Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya vita ya Urusi ya Kisoviet iliiangusha karibu na kisiwa cha Sakhalin. Watu wote 269 walikufa.

Basi ndege ikipotea, uliza kwa utaratibu: Je, dira mbili zinapatana? Namba niliyoweka ni ile ya karatasi? Kifungo gani kinawaka? Mstari unatoka wapi? Jibu la «hapana» likitokea, zima piloti otomatike, shika usukani mwenyewe, nyoosha ndege, kisha anza tena na busola.

Katika mchezo, anayeanguka anaanza upya. Ndiyo sababu ni vizuri kujizoeza kuuliza hapa, mbele ya ordinatere, kwa maana kule juu hakuna mara ya pili.