Si Malaria, Basi Antibiotiki?

Mtoto ana homa. Mama anamfikisha kliniki ya wagonjwa wa nje, anapimwa malaria, majibu yanasema hana. Mara nyingi kinachofuata ni cheti cha amoksilini. Mantiki yake ni kwamba kama si malaria, lazima ni bakteria. Mantiki hiyo si sahihi, na ushahidi umetoka hapa hapa Tanzania.

Mwaka 2008, watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa, wote wa umri usiozidi miaka 10, waliofika kliniki za wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, asilimia 22 wa bakteria, na asilimia 10.9 wa vimelea kama vya malaria. Baadhi walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja.

Amoksilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli zao. Virusi havina ukuta huo, kwa hiyo dawa haivigusi. Inachofanya ni kuua bakteria dhaifu wanaoishi tumboni na kooni, ikiwaachia nafasi wale sugu wazaliane. Siku mtoto huyo, au jirani yake, atakapopata nimonia ya kweli, dawa inaweza kushindwa. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani.

Je, kupunguza antibiotiki kunahatarisha watoto? Jibu lilipatikana Dar es Salaam kati ya 2014 na 2016, katika jaribio la watoto wa chini ya miaka mitano. Waganga walipewa mwongozo wa kielektroniki, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na vipimo vya damu vya papo hapo, kikiwemo cha CRP, protini inayopanda mwili unapokabiliwa na uambukizo mkali. Watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 11.5, ilhali katika huduma ya kawaida walikuwa asilimia 94.9. Walioshindwa kupona kufikia siku ya saba walikuwa asilimia 2.3, pungufu ya asilimia 4.1 ya kundi lililotibiwa kwa mwongozo usio na vipimo hivyo.

Hospitali zetu ziwape waganga vifaa na muda wa kumchunguza mgonjwa. Nawe mzazi, muulize daktari: "Ni ugonjwa gani, na ni dalili zipi zinirudishe hapa?" Mtoto akipumua kwa shida, akipata degedege, akilegea au akishindwa kunyonya au kunywa, mrudishe mara moja. Daktari akikuambia antibiotiki haihitajiki, usiende kuinunua duka la dawa. Amemtibu mwanao ipasavyo.