Kolwezi: umeme ukikatika, kinanda kinanyamaza

Umeme ukikatika katikati ya misa mjini Kolwezi, kinanda kinanyamaza, na kwaya iliyozoea kukiegemea inaanza kupishana sauti. Na mji huu uko karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke!

Kuimba bila kinanda si jambo geni Katanga. Machi 1958, kwenye misheni ya Kamina, kwaya ya Padri Guido Haazen iliimba Missa Luba kwa ngoma, bila ogani.

Wapiga kinanda wengi hujifunza kwa sikio tu. Parokia hununua chombo kipya kwa furaha. Mwalimu ndiye husahauliwa. Wanachohitaji kwanza si kasi ya vidole, bali kusoma noti, kupanga sauti nne, na kuifundisha kwaya wimbo mzima kinanda kikiwa kimezimwa.